Aliyehitimu Vitani Naye Apewe Kiti

Kwetu pwani neno "kuhitimu" halikuanzia chuo kikuu. Lilianzia chuoni, na chuo kwetu ni kile cha msahafu, chenye jamvi na ubao na mwalimu mwenye bakora. Mtoto akizimaliza juzuu thelathini husemwa amehitimu, na siku hiyo wazazi hupika, majirani huitwa, halua hukatwa na kahawa humiminwa, na mwalimu naye hutunzwa kwa kadiri ya uwezo. Lakini neno lilo hilo lina pacha wake, nayo ni hitima, kisomo anachosomewa maiti. Yote mawili yatoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kukamilisha na kutia muhuri. Tangu mwaka 2023, katika nchi ya Sudan, mapacha hao wamekutana nyumba moja: huyu ametimiza masomo yake, na ndugu yake yuasomewa.

Wasomaji watukufu, Sudan si nchi ya mbali nasi. Vijana wetu wengi wa mwambao huu wamekwenda Khartoum kutafuta elimu, hasa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ambacho asili yake ni Kituo cha Kiislamu cha Afrika. Mji huo ulikuwa mji wa vyuo tangu zamani. Kile Chuo Kikuu cha Khartoum kilifunguliwa mwaka 1902 kwa jina la Gordon, na mwaka 1956, Sudan ilipopata uhuru, kikawa chuo kikuu kamili. Humo walitoka waganga, mahakimu na washairi.

Tarehe 15 Aprili 2023, watu wakiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, jeshi la taifa la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, aitwaye Hemedti, waliteketeza mji huo kwa kugombea utawala. Vyuo navyo havikusalimika. Mwezi wa Mei maktaba ya Chuo cha Ahlia, mjini Omdurman, ilichomwa moto pamoja na hazina yake ya maandishi ya nchi hiyo. Mwezi wa Juni serikali ya Kongo ilitangaza kwamba raia wake kumi wameuawa kwa mabomu katika kile Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Walikwenda kusoma, wakarudishiwa wazazi wao habari.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa katika mwaka wake wa mwisho huko. Alirudi na mkoba mmoja wa mgongoni. Chuo chake kilipoanza tena kusomesha kwa njia ya intaneti, mitihani aliifanyia chumbani kwa mamake, kwa simu ya mkononi. Habari ya kufaulu ilipokuja, mamake alipiga vigelegele hata nyumba ya tatu ikasikia. Mwenyewe alinyamaza. Nilipokwenda kumpa mkono wa heri akanambia, "Ami, tulikuwa wanne chumba kimoja. Mmoja yuko Misri, mmoja yuko Chad, na wa tatu sijui aliko. Nitafurahi na nani?"

Swali hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Maana wako wasemao, "Mshukuru Mungu, cheti umekipata, mengine yatajipa." Kushukuru ni wajibu, lakini mengine hayajipi. Shahada ya uganga itamfaa nini mtu katika mji ambao hospitali zake zimepigwa mabomu? Shahada ya sheria itamfaa nini penye hukumu ya mtutu? Elimu ni mbegu, na amani ndiyo mvua yake. Basi kumwombea mhitimu heri bila ya kumwombea amani ni kumpa jembe mtu asiyekuwa na shamba.

Na amani nayo iko ya namna mbili, na hapa ndipo penye neno langu. Sudan haikukosa mapatano. Mwaka 1972 yalitiwa saini Addis Ababa baina ya serikali na waasi wa kusini. Yalidumu kiasi cha miaka 11, vita vikarudi mwaka 1983. Yakaja mazungumzo ya hapa kwetu, Machakos mwaka 2002 kisha Naivasha, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa msuluhishi, hata tarehe 9 Januari 2005 saini zikatiwa Nairobi. Hiyo ilikuwa kazi ya kusifiwa, kwani ilizima vita vilivyokula roho nyingi mno. Lakini wakati walipokuwa wakigawana vyeo mezani, vita vya Darfur vililipuka mwaka 2003, na katika vita hivyo ndimo walimokulia wanamgambo wa Janjaweed, ambao mwaka 2013 walivishwa sare za serikali wakaitwa RSF. Mwaka 2020 yakafuata mapatano ya Juba, na viongozi wa waasi wakapewa viti Khartoum. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, majenerali waliipindua serikali ya mpito.

Somo analolipata kijana katika mapatano ya namna hiyo ni moja: mwenye bunduki ndiye mhitimu. Aliyekesha na kitabu hukaa nje ya mlango, na aliyechoma kijiji huitwa ndani akatiliwa chai. Mkiyafanya hayo mara tatu, msishangae kuona kila mwenye uchungu atafuta bunduki badala ya kalamu.

Atakuja mtu aniambie kwamba amani hufanywa na wapiganao, si na wanafunzi. Ni kweli, na sisemi wasiitwe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifanya suluhu ya Hudaibiya na wale wale waliompiga vita. Lakini tukumbuke pia yaliyopokewa na wanavyuoni katika habari za Badri, kwamba mateka waliojua kuandika na hawakuwa na fidia walikombolewa kwa kusomesha watoto kumi kumi wa Madina. Vita havijapoa, na tayari kalamu imepewa thamani ya kumkomboa mtu. Mwenye bunduki na aitwe, lakini aitwe kuiweka chini, asiitwe kugawiwa wizara.

Wala tusidhani kwamba vijana hao hawana la kuleta mezani. Aprili 2019, Omar al-Bashir alipoangushwa, picha iliyozunguka ulimwengu ilikuwa ya Alaa Salah, msichana mwanafunzi wa usanifu wa majengo, amesimama juu ya gari na vazi lake jeupe, hana silaha ila kidole na sauti. Na vita vilipozuka, vijana wa mitaani waliunda Vyumba vya Dharura, wakapika vyakula vya umma, wakatibu majeruhi na kuwatoa watu penye risasi. Mwaka 2025 walipewa Tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Mtu aliyeweza kulisha mtaa chini ya mabomu hashindwi kukaa kitini akasema nchi yake iendeshwe vipi.

Nasi Kenya tujitazame. Msuluhishi ni kama mwenye baraza: hamtandikii jamvi mgomvi mmoja, mwingine akamwacha juani. Februari 2025 kikosi cha RSF na wenziwe walitia saini Nairobi hati ya kuunda serikali yao. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi wa Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Jina jema tulilolipata Naivasha si la kuuzwa rahisi hivyo.

Na kwa vijana wetu waliorudi, tusiwape pole tupu. Wenye kuajiri wasimdai mtu muhuri wa ofisi iliyoteketea. Wamtahini kwa alichokisoma. Madrasa na shule zetu ziwape nafasi ya kusomesha, wasije wakakaa vibarazani na shahada zao mkobani.

Mpaka mwaka 2025 unakwisha vita hivyo havikuwa vimezimika. Nami sina jeshi wala wizara, nina ubeti mmoja tu, nao nawatunza wahitimu wote waliovaa joho huku wakisikia mizinga:

Kalamu iwe mezani, na bunduki kuwa nyuma,
Wahitimu wa vitani, wapewe ya kuyasema,
Amani ya hotelini, haina mizizi njema,
Mola tupe ya moyoni, idumu hata kiyama.