Kadi ya Grafiksi: Pima Sanduku Kabla ya Kufungua Kibeti



Kuhariri video za harusi kumekuwa chumo la halali kwa mabinti na akina mama kadhaa wa mwambao wetu. Upande wa wanawake katika harusi zetu hupigwa picha na wanawake, huhaririwa na wanawake, kisha bibi harusi hukabidhiwa kazi yake mkononi. Picha hizo ni amana. Basi kompyuta inapolemewa, na filamu ya saa moja ikachukua usiku kucha kutoka, mwenye kazi hupatwa na mashaka mawili kwa pamoja: ahadi aliyompa mteja inapita, na fundi ataka sanduku zima liachwe dukani, pamoja na diski yenye sura za watu.

Jawabu analopewa aghalabu ni moja tu: nunua kadi ya grafiksi. Juma hili twataka kulizungumza jawabu hilo kwa kituo, kwani ndani yake mna pesa nyingi za nyumba. Tena, kuifunga kadi ni kazi iwezayo kufanyika juu ya meza ya kulia, bila ya diski kuvuka kizingiti. Maneno yetu yanahusu kompyuta ya mezani peke yake. Katika laputopu chipu ya grafiksi huwa imelehemiwa mahali pake, na haibadilishwi.

Kila kompyuta ina kiungo kinachochora picha kwenye skrini. Katika kompyuta nyingi za ofisini kiungo hicho kimo ndani ya prosesa, nacho huazima ramu ya mashine. Kadi ni ubao wa peke yake, wenye chipu yake, ramu yake na mara nyingi feni yake, unaopachikwa katika sloti ndefu ya ubao mkuu. Chipu zenyewe hutoka kwa Nvidia, AMD au Intel, na makampuni kama MSI na Gigabyte huziundia kadi. Kwa hiyo majina mawili juu ya boksi moja yasikutatize.

Tusianze na duka. Washa kazi yako ya kawaida, uache filamu itoke, kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa Performance. Hapo utaona ni nani anayechoka. Ikiwa ramu imejaa hadi ukingoni, kuiongeza kutoka gigabaiti 8 hadi 16 kutakufaa kuliko kadi yoyote. Ikiwa diski ni ile ya kuzunguka nayo imesimama kwenye asilimia 100, tafuta SSD kwanza. Tena ingia katika mipangilio ya programu yako ya kuhariri, utazame kama ina mahali pa kuruhusu chipu ya grafiksi isaidie kuisindika video. Prosesa nyingi za Intel zenye grafiksi ya ndani zimekuwa na uwezo huo tangu mwaka 2011, na wako watu walioununua upya kwa fedha taslimu ilhali ulikuwamo nyumbani umelala. Ama kwa masomo ya shule, darasa za mtandaoni, kuandika na kusikiliza mawaidha, grafiksi ya ndani yatosha kabisa. Kijana anayedai kadi kwa ajili ya masomo na aulizwe ni somo gani.

Baada ya hayo ukiona haja ya kadi ingalipo, kipime kitakachoipokea. Nyingi katika kompyuta zetu ni mtumba wa maofisi ya ng'ambo, kama vile OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP. Ni mashine madhubuti, lakini ziliundwa kwa ajili ya karani, si kwa ajili ya mhariri wa filamu. Sanduku jembamba, lile linaloweza kulazwa chini ya skrini, halipokei kadi ya kimo cha kawaida. Lataka kadi fupi. Chukua futi ya ushoni uliyo nayo, upime nafasi kutoka ukuta wa nyuma hadi kizuizi cha kwanza, uandike urefu, kimo na unene. Kadi iliyo nene hufunika sloti mbili, na pengine hugusana na pawasaplai.

Hiyo pawasaplai ndiyo yenye neno la mwisho. Sloti ndefu ya ubao mkuu, kwa kanuni yake, hutoa wati 75 zisizidi, na katika baadhi ya masanduku membamba hutoa pungufu ya hapo. Uthibitisho umo katika kitabu cha modeli yako. Kadi inayotaka zaidi huja na tundu la waya wa ziada: lenye pini 6 huongeza wati 75, na lenye pini 8 huongeza wati 150. Pawasaplai za kompyuta hizi za ofisini mara nyingi hazina waya huo hata mmoja, na nguvu yake yote huwa karibu na wati 240. Watu huuziwa kiunganishi cha kubadilisha waya wa diski uwe wa kadi. Hatukipendi kiunganishi hicho, kwani waya mwembamba uliokusudiwa diski haukuumbwa kubeba mzigo huo, nao ukipata moto plastiki huyeyuka.

Liko na jambo la skrini. Skrini nyingi za nyumbani zingali zikitumia waya wa VGA, ule wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili. Kadi za Nvidia na AMD za miaka ya karibuni haziutoi mkondo huo tena. Utahitaji kibadilishi chenye chipu ndani yake, kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA, nacho kiingie katika hesabu kabla ya kufika dukani.

Sasa tuje kwenye kadi zenyewe, na hapa twaomba subira, maana mitego ni mingi na majina yanafanana. GT 1030 ni ndogo, haina tamaa ya umeme, na wauzaji huipendekeza kwa kila mtu. Inauzwa kwa sura mbili chini ya jina moja: moja ina ramu aina ya GDDR5 na nyingine ina DDR4, na hii ya pili kasi ya ramu yake ni kama theluthi moja ya mwenzake. Kubwa kuliko hilo kwa mhariri wetu, GT 1030 haina kabisa kile kifaa cha ndani kinachosindika video wakati wa kuitoa. AMD nao wana RX 6400 ya mwaka 2022, inayotumia wati 53 tu na kupatikana kwa umbo fupi. Hiyo pia haina kifaa hicho, na katika ubao wa zamani hupoteza sehemu ya kasi yake kwa sababu hutumia njia 4 tu za sloti. Kwa michezo ya watoto zinaweza kufaa. Kwa kazi ya harusi, mama aliyenunua mojawapo atakuta filamu yatoka kwa mwendo ule ule wa jana.

Zinazokusudiwa ni nyingine. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zina kifaa cha kusindika video, zina ramu ya gigabaiti 4, na hutumia wati 75. Hata hivyo viwanda vingine huzitia tundu la pini 6, basi tazama ubavu wa kadi hiyo hiyo unayouziwa, usitosheke na jina. Baina ya hizo mbili twaipendelea 1650, kwani Nvidia ilitangaza kwamba kizazi cha 1050 Ti, baada ya Oktoba 2025, kitabaki na masasisho ya usalama peke yake. Aliyejaaliwa uwezo zaidi atazame RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024 na kutumia wati 70. Yake mwenyewe ina pacha wa gigabaiti 8 anayetaka wati 130 na waya wa ziada. Akikosea tarakimu moja, kadi haitawaka katika sanduku lake.

Kadi hizi nyingi hupatikana kwa mkono wa pili, ama hapa Mombasa, ama zikaletwa kwa basi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Mnamo tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiksi, na kadi zilizokuwa zikikesha kazini zikamwagika sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni yake imekula umri. Sheria yetu ya biashara inamtaka muuzaji abainishe aibu ya bidhaa yake. Muulize waziwazi ilikofanyia kazi, na jawabu liandikwe juu ya risiti pamoja na siku za kurejesha. Mbaya kuliko kadi iliyochoka ni ile ya kughushi: chipu ya mwaka 2010 au 2011 iliyobadilishwa jina ikajiita GTX 1050 Ti. Ukiona kadi yenye jina hilo ina tundu la VGA, itilie shaka hapo hapo. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, huzitambua nyingi katika hizo na kuziandika kuwa ni bandia. Omba iwashwe mbele yako kabla fedha hazijatoka.

Umeme wa tokeni nao uhesabiwe. Kadi ya wati 75, ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 4 kwa siku, hula uniti 9 kwa mwezi wa siku 30. Ya wati 200 hula 24.

Siku ya kuifunga, nakili kwanza kazi za wateja katika diski ya nje. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda kidogo ili umeme uliosalia uondoke. Hewa yetu ya unyevu hupunguza ule umeme wa mguso unaoua chipu katika nchi kavu, lakini gusa chuma cha sanduku kabla ya kushika kadi, na tena kila unaporudi kutoka jikoni. Funua ubavu, ulilaze sanduku. Ukikuta vumbi, litoe kwa brashi laini iliyo kavu. Ikiwa sanduku ni jembamba, badilisha bamba la nyuma la kadi uweke lile fupi. Kadi fupi mpya huja nalo, ama ya mtumba uliza, kwani bamba hilo likipotea ni tabu kulipata. Ondoa kifuniko cha nyuma kilicho mkabala na sloti ndefu.

Ikamate kadi kwa kingo zake, usiguse meno yake ya dhahabu. Meno yaliyopauka kwa hewa ya chumvi hufutwa taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha mabaki hupeperushwa. Ielekeze kwenye sloti ikiwa sawasawa, uikandamize kwa mikono miwili hadi usikie klipu ikilia. Hofu ya kuvunja huwafanya wengi waiache nusu njiani, na kadi iliyokaa nusu haiwaki. Kaza skrubu au rudisha komeo lake, funika, urejeshe nyaya.

Waya wa skrini sasa uende kwenye kadi. Ukiuacha katika tundu la zamani, skrini itabaki nyeusi, na hapo ndipo watu wengi hulibeba sanduku kwenda kwa fundi bila ya haja. Picha ikitokea, pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa chipu. Ile ya Nvidia hupita megabaiti 500, basi uwe na bando. Baada ya hapo rudi kwenye mipangilio ya programu ya kuhariri, uichague kadi mpya, kwani nyingine hazijichagulii zenyewe.

Ikiwa hapana budi kwenda kwa fundi, chomoa diski ibaki nyumbani. Diski ya kawaida ina nyaya mbili na skrubu chache. Iliyo mfano wa kijiti hushikwa na skrubu moja. Fundi haihitaji ili kujua kama kadi ni nzima, maana kompyuta huonyesha ukurasa wake wa mwanzo hata ikiwa haina diski. Atakayekwambia kwamba hawezi bila hiyo, chukua sanduku lako uende kwa mwingine.

Kazi yenye ahadi isiwe ndiyo ya kwanza kuijaribia kadi. Toa filamu ya zamani iliyokwisha kulipwa, iende saa nzima, huku GPU-Z ikionyesha joto. Likikaa chini ya nyuzi 85 na feni isipige kelele za kukwaruza, kadi imekaa. Kompyuta ikijizima yenyewe katikati, mtuhumiwa wa kwanza ni pawasaplai, wa pili ni kadi. Na jaribio hilo lifanyike ndani ya zile siku zilizoandikwa kwenye risiti.