Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa VETA: Tupimeni na sisi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Buseresere, wilayani Chato. Nilisoma kompyuta ngazi ya cheti jijini Mwanza. Muhula mmoja tu ukiwa umebaki nilijifungua, nikarudi nyumbani kulea. Baada ya miaka sita nilikwenda kuulizia, nikaambiwa nianze upya kwa ada kamili, kana kwamba niliyoyajua yamefutika.

Hayajafutika. Leo nashinda steshenari, kwenye meza ya mtu mwingine. Najaza maombi ya Ajira Portal, naombea vijana mikopo ya elimu ya juu, nawatafutia wenye karasha za kusagia mawe ya dhahabu namba ya mlipakodi, na kompyuta ikigoma naifungua mwenyewe. Hata akina mama wanaotaka mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri huja kwangu, maana siku hizi vikundi huombea mtandaoni. Nalipwa kwa siku. Kazi ya mshahara siombi: sina cheti.

VETA mna utaratibu mzuri sana wa kurasimisha ujuzi. Mwashi au seremala aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, penye pengo anafundishwa, kisha anapata cheti. Hamumwulizi alikuwa wapi miaka yote hiyo. Naomba mlango huohuo ufunguliwe kwa mwanamke aliyeiacha kompyuta akalea. Tupimeni, halafu mtufundishe yaliyobadilika tulipokuwa nyumbani, hayo tu.

Na mafunzo yaletwe hapa. Chuo chenu cha Chato, kilichozinduliwa Januari 2021, tunakishukuru, lakini anayenyonyesha hawezi kupanda gari kila alfajiri. Chumba kimoja Buseresere kingewafaa na wenzetu wa Katoro, maana miji hii imeshikana. Masomo yaanze saa nane mchana, watoto wakubwa wakiwa shuleni, na wadogo watandikiwe mkeka humohumo ndani.

Serikali ilipotangaza, Novemba 24, 2021, kwamba wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito warudi, nililia kwa furaha ya wadogo zangu. Sisi wa vyuoni tulioachia njiani bado tunangoja neno letu. Kule Dar es Salaam, Apps and Girls, taasisi aliyoianzisha Carolyne Ekyarisiima, inawafundisha kompyuta mabinti walioacha masomo kupitia mpango wake wa Jovia. Kwa hiyo linawezekana.

Tutumieni mtahini mmoja, hata kwa wiki moja. Atanikuta mezani kuanzia saa mbili asubuhi.

Wako,
Mama wa watoto wawili,
Buseresere