Hiyo Mushene Yenu Haijawahi Okoa Mtu

Kila nikisema tuangalie Peyton Place, wasee wananicheka. Ati muvi ya 1957, ya akina nyanya, watu wanalia masaa mawili na nusu. Hata Oscar iliteuliwa mara 9 ikatoka mikono mitupu. Sawa. Bado nitawasumbua nayo. (Na nitawaharibia utamu, mmekuwa na miaka 60 na ushee ya kuiona.)

Ni mji mdogo wa New England, Marekani. Allison na Norman, watoto wa shule, wanaenda kuogelea. Hakuna kitu wamefanya. Kuna wengine wawili majini wako uchi, wambea wanaona kwa mbali, wanachanganya watu, habari inafika kwa mamake Allison. Vita. Kwa hasira mama anatoboa siri ya miaka yote: hakuwahi kuolewa na babake Allison. Msichana anatoroka kwenda New York.

Sasa shikeni hapa. Mji huo huo, rafiki yake Selena anaishi na baba wa kambo mlevi, na huyo mzee anambaka. Macho yote yale makali ya kuona watoto wakiogelea, hiyo hayakuona. Selena anapomuua akijitetea, ndio mji unajaa kortini. Na bado ananyamaza! Afadhali ahukumiwe kuliko watu wajue. Ni Daktari Swain anavunja ahadi aliyompa, anasema ukweli, halafu anaugeukia mji wenyewe. Hapo nimerudia mara nne.

Halafu mnaniambia umbea unalinda maadili ya mtaa. Ulimlinda nani? Selena?

Kwetu kwa ploti, mwaka jana, grupu ya WhatsApp ilijadili sketi ya msichana mmoja siku tatu. Picha zake zikazungushwa, watu wazima wakiandika mistari ya Biblia chini yake. Ploti hiyo hiyo kuna nyumba tulikuwa tunasikia mtoto akipigwa usiku, kila mtu anaongeza sauti ya TV. Ukiuliza, unaambiwa hayo ni mambo ya nyumba ya watu. Kumbe sketi ilikuwa ya nani?

Namba ya kuripoti mtoto anayeumizwa ni 116, kupiga ni bure. Hakuna mtu aliiweka kwa hiyo grupu. Hata mimi sikuiweka.