Neno la Mhariri: Rochereau na Watu wa Ziwani

Toleo hili tumeliweka juu ya waimbaji wa mahaba, na mbele yao wote tumemtanguliza marehemu Tabu Ley Rochereau. Wapo watakaouliza, na swali lao si la ufidhuli, vipi mtu aliyetoka Bandundu, aliyeimba aghalabu kwa Kilingala, akafia Brussels tarehe 30 Novemba 2013, apewe kiti cha heshima na watu wa Fizi na Baraka, wa mwambao wa ziwa mashariki ya Kongo, ambao Kibembe na Kiswahili ndizo lugha zao, na ambao Dar es Salaam iko karibu nao kuliko Kinshasa. Jawabu letu lapitia Kuba, na twamwomba msomaji avute subira.

Mwaka 1933 kampuni moja ya santuri ya Kiingereza ilianza kuuza barani Afrika sahani zenye alama ya GV, zilizojaa nyimbo za Kuba, ikiwamo ile "El Manisero" ya Don Azpiazú, nyimbo ambazo midundo yake ilikuwa imetoka Afrika ndani ya merikebu za watumwa, kisha ikarejea ikisema Kihispania. Vijana wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, wakazipokea kama warithi waliorudishiwa mali yao. Na maadamu Kihispania hawakukijua, baadhi yao waliimba maneno yenye sauti ya Kihispania yasiyokuwa na maana katika lugha yoyote, wala wasikilizaji hawakudai maana. Katika chuo hicho, kwa Joseph Kabasele wa African Jazz, ndipo Tabu Ley alipopata elimu yake. Alikuwa na sauti nyembamba, laini, isiyojilazimisha, na kipaji kile cha waimbaji wa bolero wa Havana na Mexico, cha kuufanya ukumbi wa watu elfu udhani kwamba anazungumza na mtu mmoja tu. Mwaka 1963 yeye na mpiga gitaa Nico Kasanda waliunda African Fiesta. Wakaachana baada ya muda mfupi, kama ilivyo ada ya mabingwa wawili katika bendi moja. Na Desemba 1970 akapanda jukwaa la Olympia mjini Paris. UNESCO nayo iliiandika rumba ya Kongo katika daftari la urithi usioshikika wa walimwengu mwaka 2021, na bolero ya Kuba na Mexico mwaka 2023, miaka miwili baadaye, ingawa damu yao ni moja.

Sasa tuje nyumbani. Mwezi wa Aprili 1965 Wakuba wenyewe walivuka ziwa usiku kutoka Kigoma, wakashuka Kibamba, na kiongozi wao, Che Guevara, akaitwa Tatu. Walikuja kuwasaidia waasi wa Fizi, na ajabu ni kwamba upande wa serikali nao walikuwamo Wakuba wengine, waliomkimbia Castro, wakirusha ndege za vita. Hata Baraka ilipopiganiwa mwezi wa Septemba, mwambao wetu ulikuwa uwanja wa ugomvi wa watu wa kisiwa kimoja cha mbali. Novemba Che alivuka tena ziwa, akaenda zake. Mintarafu ya safari hiyo vitabu vimeandikwa vingi. Mintarafu ya nyimbo zilizofika kabla yake na kubaki baada yake, ni wachache waliojishughulisha.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Nyimbo zilizobaki ziliimbwa kwa Kilingala, na Kilingala, kwa watu wa mashariki, kilikuja na askari. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu zama za Wabelgiji, na katika milima ya Fizi, ambako Laurent Kabila alikaa na chama chake tangu 1967, kilikuwa lugha ya amri, ya kizuizi cha njiani na ya mtu anayedai kuku wako kwa mtutu. Lugha ya namna hiyo watu huijua kwa kuiogopa. Mtu aliyeivua hofu ile ni Tabu Ley, kwa kuwa ndani ya redio lugha ile ile iliyofoka barabarani ilisikika ikibembeleza, ikilia kwa kuachwa, na katika "Mokolo Nakokufa" ikitafakari siku ya mauti ya tajiri na maskini kwa sawa. Hatusemi alikuwa walii. Alistawi chini ya Mobutu miaka mingi kabla ya kuhamia ughaibuni, na siasa aliyoiingia baadaye, hata akawa naibu gavana wa Kinshasa mwaka 2005, haikumwongezea chochote kama msanii. Lakini hukumu ya mwimbaji hutolewa kwa nyimbo zake, na kwa nyimbo hizo tunamhesabu kuwa wetu.

Kwa hiyo tunatoa ombi. Yeyote katika Baraka, Fizi, Mboko au Lulimba, au ng'ambo Kigoma na katika kambi ya Nyarugusu, aliye na santuri au kaseti za nyimbo hizo, atuazime tuzinakili, nasi tutamrudishia mali yake salama. Na wazee wanaokijua Kilingala vizuri tunawasihi watufasirie mashairi ya Tabu Ley kwa Kiswahili na kwa Kibembe, beti kwa beti, tuyachape katika toleo lijalo.