Walimu wa Hisabati, Tufundisheni IBAN

Mzazi mwenye mtoto chuoni Ujerumani huletewa nambari ya kulipia kodi ya chumba, ndefu, inayoanza kwa DE, naye huinakili kwa hofu kana kwamba ni hirizi. Nashikilia kuwa walimu wa hisabati ndio wa kuiondoa hofu hiyo.

IBAN ya Ujerumani ina herufi na tarakimu 22: DE ni nchi, mbili zifuatazo ni za ukaguzi, nane za benki, kumi za akaunti. Zihamishe nne za mwanzo hadi mwishoni, D iwe 13 na E iwe 14, kisha ugawe kwa 97. Baki lisipokuwa 1, pana kosa. Je, si kugawanya kule kule tunakofundisha?

Hata hivyo, hesabu hiyo haimtambui mwenye akaunti. Laghai naye ana nambari iliyo sahihi. Tena Kenya haimo miongoni mwa nchi zenye IBAN. Anayetutumia fedha kutoka ng'ambo hupewa nambari ya akaunti pamoja na msimbo wa SWIFT wa benki, wenye herufi na tarakimu 8 au 11. Basi mwanafunzi akidaiwa ada ili "afunguliwe" IBAN ya Kenya, asitoe hata ndururu.