Ua la shaba limeota ndani ya lengalenga

Sisi watu wa madini tuna macho ya kusoma mawe. Mtoto wa mfanyakazi akiokota jiwe la rangi ya majani anasema malakiti; akiokota lile jeusi anauliza kama kuna kobalti. Lakini tukitoka kazi, macho yale tunayaacha kwa vestieri, pamoja na kaske na mabote.

Angalieni sasa, mvua inapoelekea kuisha. Kando ya barabara ya makamyo, kando ya reli, juu ya vilima visivyo na miti, kunatoka mmea mfupi wenye maua ya zambarau. Wenye elimu wanauita Haumaniastrum katangense. Sisi tuseme tu ua la shaba. Unakubali udongo wenye shaba nyingi, kule mimea mingine inakauka. Wazee wetu waliyeyusha malakiti kwa makaa, ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu. Wao walikwisha kupita, lakini pale walipochomea mawe ua lingali linaota, na wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata mpaka wakakuta tanuru zile.

Basi likiota katikati ya lengalenga ya mama, tusifurahi ati tumepata madini nyuma ya nyumba! Mara nyingi ni vumbi. Kamyo inapita na mawe yasiyofunikwa vizuri, upepo unachukua, mvua inashusha, udongo unashika. Shaba haiozi sawa majani. Mahindi yanakuwa mafupi na ya manjano, tunasema mbolea imekosa, tunanunua mbolea, pesa inapotea bule. Na lengalenga inavuta madini kwa mizizi: kuosha kunatoa vumbi la juu, lakini ya ndani inabaki, na jioni tunaikula na bukari pamoja na batoto.

Hatusemi ua ni laboratware. Linaweza kuota pasipo shaba nyingi, na pasipo ua, udongo unaweza kuwa mchafu. Ni alama ya kutufanya tuulize. Kwa hiyo, mbele ya kupanda mboga za kiangazi, kila familia ione shambani mwake: nini kinaota, wapi hakuoti kitu, maji ya mvua yanatokea upande gani. Ma-delege waandike. Penye ua, mboga za majani zihamishwe mbali na barabara.

Kiisha tuende ofisini na karatasi hiyo. Sheria ya madini ya 2018 inaagiza kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Wasituambie kupima udongo kutalipwa na pesa hiyo! Ile ni ya shule na ya pompe za maji. Vumbi ni lao, kupima kulipwe na mfuko wao, udongo wa mashamba na maji ya visima, na majibu yabandikwe ukutani kwa Swahili. Wakisema karatasi ziko Kinshasa, tutazingojea pale mlangoni.