Kaye Kwanza, Mashini Nyuma

Ndugu wamemba wa koperative,

Masisi na Walikale, mradi ukileta ordinatere na programu ya hesabu, tunapiga makofi. Msimu ukipita, imejaa vumbi. Tunasema ni juu ya rezo na umeme. Ni kweli, lakini si yote. Kilo za maharagi ao bido za mawese zinaingia depo bila kuandikwa siku ileile. Programu haiponyeshi hesabu mbovu, inazificha tu. Tena maandishi ni Kifaransa, na anayeijua ni mtu mmoja. Vita vikimukimbiza, hesabu zetu zinakimbia naye.

Sisi tunaona hivi: tuanze na kaye safi, yenye jina, kilo, bei na saini. Watu watatu wafundishwe, wamama wakiwemo. Kaye na mashini ziende pamoja msimu muzima; zikipatana, ndipo tuamini mashini. Kopi ilindwe nyumba ingine. Na kwenye mukutano mukuu, hesabu zisomwe kwa Kiswahili. Sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inapatia memba haki ya kujua hesabu. Mali ni yetu, tuulize.